Mahindi Makavu Juu ya Gunia

Jumatano ni siku ya kliniki ya sukari, na benchi la nje lina nafasi ya watu saba. Huwa tunakaa tisa. Nimelikalia benchi hilo masika mawili na viangazi viwili, na sehemu kubwa ya muda huo mguu wangu wa kulia ulikuwa ndani ya bandeji. Sasa navaa viatu miguu yote miwili, kwa hiyo naona niandike. Siandiki kama mtaalamu. Mimi ni dalali wa mahindi hapa Sumbawanga. Ninachokijua ni magunia. Namwandikia yule anayekaa mwisho wa benchi, ameficha mguu chini ya kitenge, na amekuja na uongo wake tayari. Nilikuwa mimi.

Nianze na chipsi.

Kwenye uwanja wetu wa magunia, biashara haijaisha mpaka watu wamekula. Wazee walifungia mapatano yao kwenye kibuyu cha pombe ya ulezi. Sisi tunafungia kwenye zege, yaani chipsi zilizogandishwa na mayai, pamoja na soda. Mwenye mahindi anakula, mwenye lori anakula, na dalali aliyewakutanisha anakula katikati yao. Dalali akikataa sahani, wote wawili wanaanza kujiuliza ameficha nini. Nimeona mzigo wa magunia tisini ukirudi Mwimbi kwa sababu dalali alisema ameshiba. Kwa hiyo nilikuwa nakula. Msimu ukichanganya, kuanzia Juni mpaka Septemba, nilikuwa naweza kufunga mizigo minne kwa siku, na mizigo minne ni sahani nne. Siku isiyo na mzigo nilikula moja, ili wenzangu wasijue kwamba sina mzigo.

Nyumbani chakula kilikuwepo. Mume wangu, Baba Deo, analima Mollo, na ulezi haujawahi kutuishia. Lakini uwanjani, ukionekana na kibakuli cha ugali wa ulezi kutoka nyumbani, watu wanakupa pole.

Muuza chipsi wetu anaitwa Side, mtu mzima mwenye watoto watatu na karai moja.

"Mama Deo, hii ya ngapi leo?"

"Ya pili."

"Ya tatu."

"Basi kama unajua, unauliza nini?"

Magunia nilikuwa nayahesabu mara mbili, yakiwa chini na yakiwa juu ya lori. Sahani sikuzihesabu hata mara moja. Side ndiye aliyekuwa na hesabu.

Majipu yalianza kiangazi kimoja. La kwanza kwapani, la pili pajani, la tatu mahali ambapo dalali anapahitaji ili akae juu ya gunia. Likipona hili, linatoka lile. Vidole vya miguu vilikuwa na fangasi, mafua yalinikaa wiki tano, na kiu yangu ilikuwa ya kuaibisha: nilikuwa namaliza soda kabla aliyeninunulia hajafungua yake. Kila kitu nilikitibu peke yake, kwenye duka lake. Jipu kwa mafuta meusi, fangasi kwa unga, mafua kwa tangawizi. Wauza dawa wanne walinifahamu kwa jina, na kila mmoja alijua ugonjwa tofauti.

Halafu nikakonda. Mjini kwetu, mtu akikonda huku anatoka majipu, watu hawaulizi, wanaangaliana. Baba Deo naye akaanza kulala shamba.

"Nguruwe pori wanaharibu mahindi," alisema.

Ilikuwa Septemba. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, tena mimi ndiye niliyeyauza.

"Tukapime," nilimwambia.

Tulikwenda, tukakaa kwenye benchi moja tumeacha nafasi ya mtu katikati. Majibu yalitoka wote tuko salama. Nje ya geti Baba Deo, ambaye kwa kawaida anasema chipsi ni viazi vilivyokosa malezi, alisema leo tule. Tulikula zege mbili, kuku nusu, na soda kubwa ya kugawana ambayo niliinywa peke yangu. Tulikuwa na furaha ya kweli. Nilitoka kupima ugonjwa mmoja nikasherehekea kwa kuulisha mwingine.

Mvua za kwanza za Novemba zilinikuta na jipu mgongoni, kubwa kuliko yote. Aliyelipasua alikuwa sista mfupi mwenye sauti ya kuchoka, ambaye baadaye nilikuja kumjua kuliko ndugu zangu. Alitazama makovu mengine, akaniuliza nalala saa ngapi na naamka kukojoa mara ngapi, kisha akanitoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Alisema sukari imepita mahali ambapo mashine inaweza kuhesabu.

"Pima tena," nilimwambia. "Mimi hesabu huwa narudia."

Akapima tena. Mashine ikakataa tena.

Sitaeleza nisichokijua. Daktari alisema maneno mengi, nami nikayaelewa hivi: sukari ikijaa kwenye damu siku hadi siku, walinzi wa mwili wanasinzia, na mwizi yeyote anapita. Majipu, fangasi na mafua ya wiki tano vilikuwa vinapita mlango mmoja. Aliniuliza nakula nini, nikamwambia. Aliuliza kwa siku mara ngapi, nikapunguza. Hakusema chipsi ndizo zilizonipa ugonjwa. Upande wa mama yangu walikuwepo wenye sukari kabla Side hajazaliwa. Alisema tu kwamba mafuta, soda na kukaa kutwa juu ya gunia vilikuja kumfungulia mtu aliyekuwa tayari anabisha hodi.

Nilipewa vidonge, kadi, na siku ya kurudi: Jumatano moja kila mwezi, asubuhi, bila kula.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na ni lazima kwanza nieleze bambo. Bambo ni kipande cha chuma chenye ncha na mfereji, urefu wa mkono hivi. Unalichoma gunia ubavuni, linatoka na punje za katikati. Tunalitumia kwa sababu ya mchezo wa zamani kuliko sisi sote: mtu anajaza gunia mahindi mabichi, anamwagia juu debe moja la makavu, anafungua mdomo wa gunia mbele yako na kusema, angalia mwenyewe. Nimewarudisha nyumbani watu wazima kwa ajili ya debe hilo moja. Shemeji yangu mmoja hatusalimiani mpaka leo.

Sasa, mimi huyo huyo nilitazama kadi yangu nikaona siku imeandikwa wazi. Anayepimwa akijua siku ya kupimwa, hilo si gunia ni zawadi. Kuanzia Jumapili jioni nilikuwa nakula ugali wa ulezi kiasi cha ngumi, mchicha, maji. Vidonge nilivimeza kwa wakati. Jumatano nilitembea kwa miguu mpaka kliniki. Kidole kikatobolewa, namba ikatoka nzuri. Jumatano hiyo hiyo saa sita nilikuwa kwa Side.

Nilifanya hivyo Januari, Februari, masika yote. Msimu wa mahindi haukuwa umefika. Hapakuwa na mizigo ya kufunga. Kumbe nilikuwa nimezoea sahani, si biashara.

Juni Sumbawanga ni baridi. Upepo unashuka kwenye uwanda asubuhi kama mtu anayedai, na sisi tunaosubiri malori tunajikunyata karibu na jiko la Side, miguu mbele. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kreti, nasubiri zege ya mzigo wa kwanza wa msimu. Side akanusa hewa.

"Kuna soksi inaungua."

Tukatazamana, kila mtu akakagua ya kwake. Mimi ndiye niliyekagua mwisho, maana sikusikia kitu. Ilikuwa yangu. Soksi ilikuwa imeshikana na kidole kidogo na jirani yake, na nilipoivuta, ilikuja na ngozi. Niliangalia kama mtu anayeangalia mguu wa mgeni. Hakuna maumivu hata kidogo. Side aligeuka upande. Mimi nilimaliza kula, kwa sababu mwenye mahindi alikuwa ananitazama.

Kama una sukari na miguu yako haisikii moto, huo si ujasiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda baada ya siku sita, kwa sababu ya malori.

Kidonda kiliposafishwa kilionekana kidogo. Nilipewa ratiba: kusafisha Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Julai yote nilihesabu bandeji. Kidonda kilikuwa kinapanuka taratibu, bila kelele, na kilikuwa na harufu ambayo nilijifunza kuifunika kwa mafuta ya karafuu. Lakini kadi yangu ilikuwa safi kuliko za wote benchini, na Jumatano moja sista akanisimamisha.

"Mama Deo, waambie wenzako unafanyaje."

Nikawaambia. Nilisimama kwa mguu mmoja na nusu nikatoa hotuba: ulezi, mchicha, maji, kutembea. Nilisema vizuri, kusema ndiyo kazi yangu. Watu wakatikisa vichwa. Mwishoni mwa benchi alikuwapo Mzee Masanja, Msukuma mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake, mtu ambaye hajawahi kugusa chipsi na sukari ilimpata hivyo hivyo. Wanawake wote aliwaita mayu, mama kwa lugha yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti.

"Mayu, umesema vizuri," alisema. "Kidonda chako nacho kimesikia? Naona kama hakikuwepo."

Benchi zima likacheka. Nilicheka pia. Nikakaa, nikavuta kitenge mpaka chini.

Agosti daktari alikaa na kadi mkono mmoja na mguu wangu mkono mwingine.

"Sukari nzuri, kidonda kibaya," alisema. "Hivi viwili havikai nyumba moja."

Akamwambia sista anichukue damu ya mshipani. Nikauliza ni ya nini. Sista akajibu huku akifunga mpira kwenye mkono: hiki ni kipimo cha miezi mitatu. Hakiangalii leo umekula nini. Kinaangalia damu imekaaje tangu Mei.

Niliitazama ile sindano ikiingia ubavuni mwa mkono wangu na nikalitambua bambo.

Majibu yalichukua wiki. Daktari hakugomba. Aliweka karatasi ile karibu na kadi yangu, nami nikaisoma namba mara mbili ingawa mara ya kwanza ilitosha. Kisha akachukua kalamu ya wino akachora mstari kuzunguka mguu wangu, juu kidogo ya kifundo.

"Vidole viwili vimeshakufa, hivyo vinatoka kesho. Huo uchafu ukiendelea kupanda, tutakata hapa."

"Tuishie vidoleni, daktari."

"Mama, mimi siuzi."

"Nipe basi wiki mbili tuone."

"Kwangu unazo hata tatu. Uliza mguu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukutana na mtu ambaye hana bei ya pili.

Vidole vilitoka Alhamisi. Cha mwisho na jirani yake. Nilichokumbuka kuuliza nilipozinduka ni kama mstari bado upo. Ulikuwepo.

Wodi nilikaa siku ishirini na nne. Kila asubuhi sista alifungua bandeji, akatazama wekundu umefika wapi, halafu akapitisha kalamu juu ya mstari ili usifutike. Mimi nilipima kwa vidole vya mkono: kutoka kwenye wekundu mpaka kwenye wino. Vidole vinne. Siku ya tano vitatu. Siku ya saba viwili na nusu, nikapima tena nikapata viwili. Sindano za insulini zilikuwa mbili kwa siku. Nilijifunza kujichoma tumboni, na kwamba dirisha la tatu linapitisha upepo wa alfajiri. Mama mmoja anayefagia wodi aliniletea kigoda cha kuwekea mguu, bila kuombwa, na kila alipopiga deki alikiondoa na kukirudisha palepale. Watu waliowahi kulazwa wanajua ninachosema.

Mama mkwe alikuja kutoka Mollo na jina la mtu wa Mwimbi ambaye nilimpa bei ndogo mwaka juzi. Alikuwa na uhakika. Nilimwambia kama kuna aliyeniroga, basi alitumia chumvi na tomato sosi.

Baba Deo alikuja kila siku na chakula: ulezi kidogo, maharage, migebuka, samaki wa ziwani kutoka Wampembe, waliochemshwa na nyanya. Siku ya nane nikamweleza habari za Jumapili jioni mpaka Jumatano, mwezi kwa mwezi. Alisikiliza huku anachambua samaki miiba.

"Sasa ulikuwa unamdanganya nani?" aliuliza.

"Sista."

"Sista anarudi kwake na miguu yake miwili."

Aliniwekea kipande cha samaki mkononi. Baada ya muda akasema, "Na mimi nilikudanganya. Nguruwe hawakuwepo."

"Najua. Mahindi niliuza mimi."

"Niliogopa."

"Najua pia."

Akacheka kidogo, kwa pua. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwaka huo. Kutoka siku hiyo hakurudi shamba, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu mpaka walipomfukuza, kisha kwa binamu yake aliye karibu na hospitali.

Siku ya kumi na tatu wekundu ulikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili, vile vile. Siku ya kumi na tano, vitatu. Sikumwambia mtu, nimeona bei nyingi zikipanda asubuhi na kushuka jioni. Siku ya kumi na tisa sista alifungua bandeji, akatazama, akafunga. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake na ikabaki mfukoni. Nilimshukuru kwa kutosema. Wino ulichukua siku tano nyingine kufutika, na siku ulipofutika ndiyo siku niliyotoka.

Kupona kulikuwa kurefu kuliko kuugua. Tangu Septemba mpaka masika ya pili nilikuwa wa nyumbani, kandambili na fimbo, bandeji mara tatu kwa wiki. Mtu asikudanganye kwamba vidole viwili vidogo havina kazi; nilijifunza upya kushuka ngazi. Baba Deo aliniosha mguu kila jioni kwa maji aliyoyapima kwa kiwiko, akaukagua chini kwa kioo cha kunyolea. Majipu hayakurudi. Mafua nilipata mara moja, yakakaa siku nne, yakaondoka kama mgeni mwenye adabu. Machi, wakati mahindi yanachanua, kidonda kilifunga.

Juni nikarudi uwanjani. Side aliniona akaacha karai.

"Wanasema ni mimi niliyekuumiza."

"Wewe ulikaanga. Mimi nilikula."

"Sasa utafungaje mizigo?"

Nilikuwa nimeshafikiria. Anichemshie mayai mawili na kachumbari sahani nzima, bila chumvi, na maji. Mkulima wa kwanza alinitazama kwa mashaka nikimenya yai.

"Dalali, hii bei umeficha nini?"

Nikavua kiatu nikamwonyesha. Akala zege yake yote na tukapakia magunia sitini na mbili. Nilihesabu mara mbili. Siku hizi wapo wawili watatu wanaomwambia Side awape kama ya Mama Deo. Wengine wanaendelea na zege, nami sihubiri. Hotuba nilishatoa moja.

Kipimo cha miezi mitatu nimepima mara tatu tangu nitoke wodini. Hakijawa kizuri, kimekuwa cha kweli.

Jumatano iliyopita benchini alikaa karibu nami dada mmoja kutoka Kalambo, kitenge mpaka sakafuni. Alikuwa mchangamfu kidogo kuliko watu wenye njaa wanavyokuwa.

"Leo namba yangu itakuwa nzuri," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nakula ulezi tu. Ulezi na mboga."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Niliinama, nikalegeza kamba, nikavua kiatu cha kulia, nikavua na cha kushoto ili asipate kazi ya kukisia, nikainyoosha miguu yote miwili mbele ya benchi.

"Hesabu vidole."

Alidhani ni mzaha. Akahesabu kwa macho.

"Nane."

"Rudia."

Akarudia, safari hii kwa kidole chake, kimoja kimoja, na alipofika ukingoni mwa mguu wa kulia alisimama pale kwenye kovu. Watu wawili wakaitwa mbele yake. Halafu akavuta kitenge chake juu, taratibu, mpaka bandeji ikaonekana.

Jina lake likaitwa. Mlango wa kliniki haufungi vizuri, na sista ana sauti ya kuchoka lakini inasikika.

"Leta kidole."

"Sista," nilimsikia yule dada akisema, "kabla hujapima, nina neno."